Boti ya Katee Imegoma Kuinuka

Masinga, 9 Machi 1997

Dada Wayua,

Pokea salamu zetu hapo Kitengela, wewe na mtoto. Huku tuko, Mungu hajatutupa. Mama ni mzima isipokuwa magoti, na hayo magoti yanamuuma siku za shamba tu, siku za harusi hayana neno. Mke wangu Ndinda alijifungua msichana mwezi wa kumi na moja, tukamwita Elizabeth kama Mama. Mvua hatujaiona. Tunanunua maji ya punda, na lawama zote ni zangu kwa sababu nimemnyang'anya Mama tangi lake.

Hilo tangi ni boti ya baba. Sidhani uliambiwa. Injini iliponisumbua, mwaka ule ule tuliomzika, niliivuta boti hadi nyumbani nikaiweka chini ya ukingo wa mabati, nikaishusha kidogo upande wa nyuma, na miaka mitatu na zaidi imekuwa ikikinga maji ya paa. Mama alikuwa akizibua tundu la nyuma anajaza mtungi, hata majirani walizoea kuja kuteka. Januari nikaimwaga, nikaisugua, nikaipaka rangi, nikabadilisha karibu kila kitu kwenye injini. Sasa imerudi bwawani.

Taabu ilianzia hapo. Boti haipandi. Unakumbuka zamani ukisukuma mkono wa mafuta ilikuwa inainua pua, halafu inalala juu ya maji na kuteleza. Siku hizi inainua pua na kubaki hivyo hivyo, inalima maji kama trekta, injini inalia, petroli inaisha. Ngui wa ng'ambo, yule mwenye boti ya kijani, ananipita akinipungia mkono.

Hoteli ya hapa bwawani imetangaza mashindano siku ya Jamhuri, mwezi wa Desemba. Watu wanne ndani ya boti, kutoka gati lao hadi kisiwani na kurudi. Atakayeshinda ndiye atakayetembeza wageni wao. Nimeuza ng'ombe kwa ajili ya hii boti, dada. Nikishindwa nitakuwa kichekesho cha lokesheni nzima.

Nakumbuka ulikuwa ukimshikia baba spana. Kama kuna kitu kimekubakia kichwani, niandikie.

Ni mimi nduguyo,
Mbuvi Katee


Kitengela, 2 Aprili 1997

Kaka Mbuvi,

Barua yako imefika. Nimeitazama sana bahasha kabla ya kuifungua, kwa sababu tangu mazishi mwandiko wako sijauona. Msalimie Mama, umwambie magoti ayapake mafuta ya kondoo. Elizabeth mdogo nimefurahi kumsikia. Roy ameanza nasari na tayari amerudishwa nyumbani kwa kupigana. Mimi nafuga kuku kwenye kishamba nilichokodi njia ya Isinya. Mayai yananunuliwa, upepo unatumaliza. Jirani yangu ni Simel, mzee wa Kimaasai. Kila asubuhi ananipitishia maziwa, anasema "Takwenya", najibu "Iko", na mambo yetu yanaishia hapo. Watu wa huku hawana maswali mengi, na hilo nimelipenda.

Spana nilimshikia baba, ni kweli. Usukani pia niliushika, miaka sita, nikibeba wageni wa hoteli hiyo hiyo huku baba amekaa nyuma anasinzia. Pengine umesahau, jua la huko ni kali.

Angalia pini. Pale injini inaponing'inia kwenye ukuta wa nyuma kuna matundu, na pini ndefu imepita kwenye tundu moja. Tundu la karibu na boti linasukuma pua chini, la mbali linaiinua juu. Najua yako iko kwenye la mbali, kwa sababu unapenda kuonekana ukija. Irudishe ndani tundu moja, uende majini asubuhi kukiwa kumetulia, ujaribu. Usibadilishe vitu viwili siku moja, hutajua ni kipi kimekusaidia. Plagi pia uzitoe uzitazame. Zikiwa nyeusi na zimelowa oili, unachanganya oili nyingi mno kwenye petroli.

Halafu nijibu mambo mawili. Ule mstari mwekundu ambao baba aliupaka ubavuni kuonyesha maji yanafika wapi, uko wapi sasa boti ikiwa tupu? Na watu wakipanda, nani anakaa wapi?

Wako,
Phylis Wayua


Masinga, 4 Mei 1997

Dada yangu,

Tuko salama, tunatumaini nanyi pia. Mvua imenyesha kidogo, maharagwe yameshika. Mama anauliza utakuja lini, nimemwambia una kazi nyingi. Roy asipigane, hiyo tabia sijui ameitoa wapi, sisi kwetu hatuko hivyo.

Pini ulisema kweli, ilikuwa tundu la mwisho. Nimeirudisha moja, kisha nyingine. Pua imeshuka, sasa naona mbele bila kusimama. Lakini kuruka, hapana. Inasukuma maji tu, na nikiongeza mafuta injini inapandisha sauti bila mwendo. Plagi zilikuwa nyeusi, nimepunguza oili, sasa inawaka mara moja.

Mstari mwekundu umezama kwa nyuma. Kwa mbele uko juu sana. Nilidhani baba aliupaka vibaya. Watu nawaweka nyuma karibu nami, ndiko kuna kiti kizuri, na betri na tangi la petroli viko nyuma pia.

Jumamosi Ngui alisimamisha boti yake kando yangu mbele ya watu akauliza kama nahitaji kuvutwa. Walicheka mpaka nikajifanya natafuta kitu chini ya kiti. Harakisha kujibu.

Mbuvi


Kitengela, 8 Juni 1997

Kaka,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na vifaranga. Baridi ya mwezi huu inawamaliza kama hukuwasha jiko la makaa, na mimi nalala nikiwasikiliza. Roy anakohoa. Simel alimpa mchuzi wa mitishamba mchungu ajabu, akaunywa wote kwa sababu alimwogopa mzee.

Baba hakupaka mstari vibaya. Hakuwahi kupaka kitu vibaya. Nyuma ni kuzito, na boti yenye nyuma nzito haiwezi kupanda juu ya maji hata uipe injini ya ndege. Hamisha betri ipeleke mbele, chini ya kifuniko cha pua. Itabidi ununue waya mrefu na mnene. Tangi la petroli lilete katikati, ulifunge lisitembee. Watu wakae katikati na mbele. Kisha inua injini yenyewe: kile kibamba bapa kilicho juu ya propela kiwe sawa na tumbo la boti, kisiwe chini sana. Ukiinua kupita kiasi propela itavuta hewa na injini itapiga kelele bure, kwa hiyo panda kidogo kidogo. Propela nayo iondoe, unyooshe mabawa, moja nakumbuka lilipigwa na jiwe. Ukimaliza yote hayo weka magunia ya mchanga kwenye pua, ujaribu na moja, ujaribu na mawili, mpaka uone mabadiliko.

Kazi ni nyingi, najua. Injini ile ni nzito kwa mtu mmoja.

Sasa na mimi nina swali, na halihusu boti. Siku ya mazishi ulisimama kando ya kaburi kusoma historia ya marehemu. Ukasema Katee ameacha mjane mmoja na mtoto mmoja, Mbuvi. Nilikuwa nimesimama hapo nyuma ya Mama, na Roy tumboni. Jioni hiyo ukatoa funguo za boti kwenye koti langu lililokuwa limetundikwa jikoni, ukaenda hotelini ukawaambia mimi siendeshi tena. Ninachouliza ni kama ulisahau jina langu au uliliruka.

Wayua


Masinga, 17 Agosti 1997

Dada,

Salamu. Mama ana mafua. Mbuzi wawili wameibwa. Elizabeth ameota jino.

Nimefanya yote. Betri iko mbele. Tangi liko katikati. Injini nimeiinua mara nne, na mara ya nne iliniangukia begani, nilikaa wiki mbili siwezi kuvaa shati. Propela imenyooshwa na fundi wa Matuu. Magunia ya mchanga nimebeba kutoka mtoni mwenyewe, nimejaribu na moja, na mawili, na matatu. Boti imesawazika, mstari wa mbele na wa nyuma sasa unakaribiana, lakini imezama kote. Tulifanya jaribio na Ngui. Alifika kisiwani, akazima injini, akawasha sigara, na mimi bado nilikuwa njiani.

Wayua, mimi si mjinga sana. Kila ukiandika unanipa kitu cha kweli, nakifanya, na boti inabaki mahali pake. Kama kuna kitu unajua na umekikalia, sema.

Ile habari ya mazishi, mambo ya kaburi tuyaache kaburini. Ulikuwa na hali yako na hakukuwa na mume wa kuonyesha. Wazee walisema isomwe hivyo. Unataka nifanye nini leo?

Mbuvi


Kitengela, 14 Septemba 1997

Mbuvi,

Tuko wazima. Mwambie Mama pole kwa mafua.

Umeuliza, na mimi sitazunguka. Ndiyo, najua boti inaugua nini. Nilijua kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza wa barua yako ya Machi. Hayo mengine yote niliyokuandikia ni ya kweli, na boti ingeyahitaji hata hivyo, lakini ugonjwa wenyewe sikuutaja. Nilitaka ubebe. Nikikusanya mayai asubuhi namwona mwanamume aliyenifuta kwenye ukoo akipanda kutoka mtoni na gunia la mchanga mgongoni, na moyo unapoa. Uliponiambia bega lako limeumia, nilipika chapati siku hiyo. Roy akauliza kuna sikukuu gani, nikamwambia ni siku tu nzuri.

Wazee hawakusema isomwe hivyo. Nilimwuliza Mama wakati ule ule wa mazishi. Wazee walikurudishia karatasi uliyoiandika mwenyewe, maana hakuna kati yao aliyekuwa na miwani ya kuisomea.

Unauliza nataka nini. Sitaki boti, kwa maana huku kwangu hata maji ya kunywa yanakuja na mkokoteni. Nataka usimame Jumapili kanisani wakati wa matangazo, Mama akiwa amekaa hapo, useme: Katee aliacha watoto wawili, Mbuvi na Wayua, na aliyeendesha boti yake ni Wayua. Maneno hayo tu, bila kuongeza chumvi. Isaac, yule dereva wa lori anayeleta mchanga wa ujenzi huku Kitengela, hupita kwenu kila wiki. Mama atamwambia umeyasema, na siku ambayo Isaac ataniambia, siku hiyo hiyo nitakuandikia. Ukifuata nitakavyokwambia, boti itaruka kama zamani na Ngui atakula maji yako.

Usipoyasema, mshindane na Ngui hivyo hivyo mlivyo. Nitaomba ruhusa kwa kuku nije kutazama.

Wayua


Masinga, 26 Oktoba 1997

Kwa dada Wayua,

Bwana asifiwe. Sote tuko salama. Mvua sasa inanyesha kama mbingu imepasuka, bwawa limejaa mpaka kwenye miti, daraja la huku chini limeanza kulika. Kanisani tunaendelea vyema. Nimechaguliwa mzee wa kanisa, matangazo ya Jumapili sasa nayasoma mimi.

Kuhusu mambo uliyoandika sina la kusema.

Kuhusu boti, nimepata dawa yangu mwenyewe. Nimegundua magunia hayafai kwa sababu mchanga unalowa na kuteleza. Kinachotakiwa ni uzito unaokaa vizuri pale mbele na kuinama unapoambiwa, na mashindano yenyewe yanataka watu wanne. Kwa hiyo nitakuwa mimi, Ndinda, shemeji yangu, na Mama atakaa kwenye pua. Unamjua Mama kwa mwili. Amefurahi sana, amesema tangu baba afe hajagusa maji hayo. Ndinda amemnunulia kitambaa chekundu cha kichwa ili watu wamwone kutoka gatini. Kwa mvua hizi mawimbi ni makubwa kidogo ng'ambo ya kisiwa, lakini boti ni ya Wazungu, haizami. Baba alikuwa akisema hivyo, hata ikijaa maji inaelea.

Kwa hiyo usijisumbue tena. Endelea na kuku.

Mzee Mbuvi Katee


Kitengela, 27 Novemba 1997

Mbuvi,

Barua yako ya Oktoba imenifikia jana. Barabara zimekatika, posta wanasema mifuko ililala njiani. Huku Kitengela mto umepanda mpaka mbugani, watu wanavushwa kwa kamba. Hii nampa Isaac, ambaye ameapa kupita hata kama atazunguka kwa njia ya juu, na nimemwambia aiweke mkononi mwa Mama, si mwako. Ndinda amsomee Mama kwa sauti, yote.

Mama asipande hiyo boti.

Chini ya sakafu, kuanzia kiti cha katikati hadi nyuma, Wazungu walijaza sponji ngumu. Hiyo ndiyo baba alikuwa akiisema, hiyo ndiyo huzuia boti isizame hata ikijaa maji. Lakini uliigeuza boti kuwa tangi. Maji ya paa yamekaa juu ya sakafu hiyo zaidi ya miaka mitatu, yamepenya kwenye kila tundu la skrubu, na sponji imeyanywa. Ulipoimwaga Januari ulimwaga yaliyokuwa juu tu. Yale ya chini bado unayabeba. Ni kama umewapakia watu wengine wanne watano, wote wamelala nyuma chini ya miguu yako, na hakuna pini wala gunia litakalowashusha. Ndiyo maana haipandi. Ndiyo maana mstari umezama ikiwa tupu. Na sponji iliyoshiba maji haielei. Wimbi moja likiingia ng'ambo ya kisiwa, boti itakwenda chini kama jiwe, na Mama hajui kuogelea.

Utadhani nakutega nikuharibie boti wiki mbili kabla ya Jamhuri. Ningekuwa wewe ningedhani hivyo. Basi toboa sakafu tundu moja karibu na ukuta wa nyuma, uingize kidole. Ukikitoa kikavu, choma barua hii.

Kikitoka kimelowa, kata sakafu yote ya nyuma kwa msumeno. Toa hiyo sponji kwa panga na mikono mpaka uone tumbo la boti, usiache hata kipande. Anika siku mbili, tatu kama kuna mawingu. Badala yake panga mitungi mitupu ya plastiki, vifuniko ukivifunga kwa mpira wa tairi, uibane isitikisike, juu yake rudisha mbao mpya na uzipake rangi mara mbili. Mitungi hiyo ndiyo itakayoifanya boti ielee. Kisha ondoa mchanga wote. Betri na tangi viache hapo nilipokwambia. Pini irudishe nje tundu moja, kwa sababu boti itakuwa nyepesi na pua itazama ukiiacha ilivyo. Ikianza kurukaruka, irudishe ndani.

Sikuandiki haya kwa sababu yako. Ungekuwa peke yako ndani ya boti hiyo sijui kama ningetafuta kalamu. Nilichokitaka hukunipa, na sasa nimekutolea bure nilichokuwa nacho. Ulijua kumweka nani mbele.

Wayua


Masinga, 22 Desemba 1997

Dada mpendwa,

Mungu ni mwema. Nimeshinda.

Isaac alifika na matope mpaka kwenye paa la lori. Barua alimpa Mama kama ulivyoagiza, Ndinda akaisoma, mimi nikiwa shambani. Niliporudi niliwaambia ni ujanja wako, unataka nikate boti nibaki bila kitu.  Mama alichukua panga akaenda nalo gatini kwa miguu yake hiyo mibovu, akapanda botini, akapiga sakafu mara tatu mpaka ikapasuka. Maji yalitoka, Wayua, meusi, yananuka. Tulitoa sponji siku nzima. Ilikuwa nzito, vipande vingine tulivibeba watu wawili. Mitungi tuliazima kwa majirani, na mingi ilikuwa ni ile ile waliyokuwa wakija kutekea maji.

Siku ya Jamhuri ilinyesha asubuhi kisha ikaacha. Nilisukuma mkono wa mafuta, pua ikapanda, nikahesabu kidogo tu, ikalala. Iliruka. Nilikuwa nimesahau sauti yake, maji yanagonga chini kama mtu anapiga mlango. Mama alikuwa mbele na kitambaa chake. Kwenye kisiwa Ngui alikuwa ametangulia, lakini alikata kona kwa upana, mimi nikapita ndani, na wakati wa kurudi hakunifikia tena. Watu walijaa gatini mpaka wengine wakaingia majini na viatu. Meneja alinipa mkono, mkuu wa sherehe akaniuliza mawili matatu kwa kipaza sauti, nikajibu vizuri. Naanza kubeba wageni Januari. Asante kwa maoni yako.

Kuna jambo moja dogo. Mama alishuka botini siku hiyo akiwa kimya, na nyumbani akaendelea hivyo hivyo. Tulidhani ni baridi. Alhamisi alisema anaenda sokoni Matuu. Hajarudi. Godoro lake dogo halipo, na Biblia. Kwa dada zake hayuko, nimeuliza. Watu wa kanisa wananiuliza na sijui niwaambie nini, mimi ndiye mzee wao. Je, yuko kwako? Jibu upesi, kwa mkono wa Isaac.

Nduguyo,
Mbuvi


Kitengela, 4 Januari 1998

Mbuvi,

Mama yuko hapa. Aliteremka kwenye lori la Isaac, amekaa mbele na godoro limefungwa juu ya mchanga. Alikuwa amelowa na amekasirika na hakutaka kusaidiwa kushuka. Magoti yamepoa kwa sababu huku hakuna mlima. Simel alikuja kumwona, wakasalimiana kila mtu kwa lugha yake, na tangu hapo maziwa yameongezeka. Roy analala naye. Hajapigana na mtu wiki mbili.

Hukuniambia mkuu wa sherehe alikuuliza nini. Mama ameniambia. Alikuuliza ni fundi gani amekufufulia boti ya baba yako. Mama alikuwa bado amekaa kwenye pua, hajashuka, na kipaza sauti kilisikika mpaka hapo alipo. Wewe ukasema, hakuna fundi, ni mimi mwenyewe kwa nguvu za Mungu, baba alikuwa na mtoto mmoja na kazi hii aliniachia mimi. Watu wakapiga makofi. Mama anasema alisubiri, labda utameza mate uongeze neno. Uliongeza kwamba boti inahitaji rangi.

Mara ya kwanza, pale kaburini, alinyamaza. Ameniambia amekuwa akikumbuka kunyamaza kwake kila akizibua tundu la boti kujaza mtungi. Ya pili ameikataa. Sikumwita, Mbuvi. Sikumwandikia hata neno moja. Nilikaa miezi yote hiyo nikikutafutia adhabu, nikakutafutia kwenye pini na kwenye magunia, na ile ambayo ingekufikia sikuwa nayo mimi. Alikuwa nayo yeye.

Usije kumchukua. Amesema ukija atakupa chai na utarudi peke yako. Watu wa kanisa waambie ukweli au waambie chochote, umezoea. Wageni wa hoteli watakuuliza mama yule wa kitambaa chekundu yuko wapi, kwa maana picha yake nasikia imetundikwa mapokezi. Hao nao utawajibu.

Nimebakiza jambo moja, kisha sitaandika tena. Leo baada ya kanisa la huku alinikalisha chini akaniambia anataka kuzikwa huku Isinya, kwenye kishamba hiki nikikinunua, na kwamba siku hiyo historia yake nitaisoma mimi. Nimekubali. Nikamwuliza, nitakapofika mahali pa watoto, niseme aliacha wangapi. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha, kisha akasema hilo ni la mwenye kusoma.

Phylis Wayua Katee